Fasili ifungwe au iachwe? Inategemea uko wapi katika hoja

Msomaji wa Wete ameniandikia akiwa amechoka. Anasema kila wakianza mjadala wa falsafa barazani kwao, mtu mmoja huuliza "kwani uhuru kwako wewe ni nini?", na usiku unakwisha hapo hapo. Anataka kujua kama fasili, yaani maelezo ya maana ya neno, zifungwe tangu mwanzo au ziachwe zijiendee.

Ifunge kwa muda wa hoja moja. Ukitoka kwenye hoja hiyo waweza kuifungua, ila kwa kutangaza.

Tazama hoja hii: "Mtu huru ni yule asiyezuiwa na mwenziwe. Mvuvi asiye na chombo hajazuiwa na mtu kwenda bahari kuu. Basi yuko huru. Na aliye huru huyaendesha maisha yake mwenyewe, sasa analalamikia nini?" Mpaka "basi yuko huru" hakuna kosa. Baada ya hapo ameingia "huru" mwengine, wa kujitawala, kwa nguo za yule wa kutozuiwa. Mwanafalsafa Isaiah Berlin alizitenga maana mbili za namna hii katika mhadhara wake wa Oxford mwaka 1958, na bado watu wanazichanganya kila siku.

Kwa hiyo andika fasili yako kwa mstari mmoja kabla hujaanza. Ijaribu kwa mifano mitatu: ulio ndani bila shaka, ulio nje bila shaka, na wa mpakani. Huo wa mwisho ndio wenye kazi. Wanamantiki wa Kiarabu hudai fasili ikusanye vyote vinavyostahili na izuie visivyostahili. Inasimuliwa kwamba Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema binadamu ni kiumbe wa miguu miwili asiye na manyoya. Mwanafalsafa mwenziwe Diogenes akaleta kuku aliyenyonyolewa. Fasili ikaongezwa "mwenye kucha pana". Kuku katoka, sawa, lakini kuhusu binadamu tumejua nini? Ukijiona unatia viraka vya aina hiyo, itupe fasili yote uanze upya.

Kuna maneno yanayokataa kufungwa. Mwanafalsafa Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953 baada ya kufa kwake, alitoa mfano wa mchezo. Chukua bao, karata, mchezo wa ng'ombe wa Pemba, na mtoto anayepiga mpira ukutani peke yake. Tafuta sifa moja iliyomo katika yote. Ushindani? Mtoto hashindani na mtu. Usilazimishe. Sema tu, "hapa nazungumzia michezo ya kushinda na kushindwa," kisha endelea.

Ukibadilisha katikati, simama na useme. Ipe maana mpya jina lake, halafu rudi kwenye kila sentensi iliyotumia neno hilo uone kama bado inasimama. Wengi hubadilisha fasili wakabaki na hitimisho la zamani. Huo ni ujanja, hata ukifanywa bila kukusudia. Wataalamu wa anga walipopiga kura Prague mwaka 2006 kuhusu sayari ni nini, waliikubali na natija yake: Pluto, iliyokuwa ikihesabiwa sayari, ikatoka.

Mkikwama kabisa, lipigeni marufuku neno lenyewe kwa dakika kumi. Semeni: hakuna aliyemzuia mvuvi, ila hana pesa ya chombo. Pengine wote mtaitikia. Litakalobaki ni nani ana wajibu wa kumsaidia, na hilo hakuna fasili ya uhuru itakayowajibia.