Tuma Sauti Yako Ingali Mbaya: Ushauri kwa Mtu Mzima Anayeanza Gitaa

Nilinunua gitaa langu la kwanza nikiwa na umri wa miaka 44. Mimi ni mkunga hapa Tabora, nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo na kukulia huko huko, na tangu utotoni nilikuwa nikimsikia baba akifuatisha kwa mluzi magitaa ya bendi ya Tabora Jazz, iliyolifanya jina la mji wetu lisikike mbali katika miaka ya 1970. Sasa ni mwaka wa sita tangu nianze. Katika muda huo nimejifunza pamoja na watu wazima wengine wapatao thelathini, ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana, kwa maana tunakutana kwenye kundi letu la simu tu: wapo wa Urambo, Nzega, Mpanda, Kigoma na Ujiji, na mmoja hutuandikia kutoka Muscat. Karibu kila mwezi huingia mtu mpya, naye huuliza yale yale niliyoyauliza mimi. Ndiyo maana nimeona niandike majibu kwa kirefu, nikianza na lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote.

Mtu mzima hakwamishwi na vidole. Vidole vilivyoweza kushona kitufe, kusuka ukili au kufunga kitovu cha mtoto mchanga vinaweza kujifunza kushika nyuzi, ingawa vitachukua muda mrefu kuliko vya kijana wa miaka kumi na tano. Kinachomkwamisha ni kwamba amekwisha kuzoea kuwa mjuzi. Kazini huulizwa yeye, nyumbani hutegemewa yeye, kisha usiku anakaa na kifaa ambacho hakimtii, na haya zinamshika kiasi kwamba hataki mtu yeyote amsikie. Basi anajifungia chumbani, anafanya mazoezi peke yake miezi na miezi akisubiri siku atakayokuwa amepiga vizuri ndipo ajitokeze, na katika kusubiri huko makosa yake yanakomaa pamoja na ncha za vidole vyake.

Mimi nilisubiri miezi saba. Kodi yangu ya C, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja kwa umbo la C, ilikuwa na sauti ya kuziba ambayo sikujua inatoka wapi, nami nilikwisha kuamini kwamba ndivyo mkono wangu ulivyoumbwa. Jumapili moja, baada ya kubembelezwa sana, nilirekodi sekunde arobaini nikazituma huku moyo ukinienda mbio. Mzee mmoja wa Kigoma, ambaye ujana wake wote alipiga gitaa kanisani, alijibu baada ya robo saa: "Mwanangu, uzi wa kwanza, ule mwembamba wa chini kabisa, hausikiki kabisa, kwa sababu kidole cha shahada kimeulalia. Kisimamishe kwa ncha, kiwiko ukisogeze mbele kidogo, kisha piga uzi mmoja mmoja unisikilizishe." Nikafanya hivyo. Usiku ule ule C yangu ilifunguka. Nilifurahi, lakini nilisikitika vilevile nilipohesabu miezi saba niliyoitumia kurudia kosa lililohitaji jioni moja tu na sikio la mtu mwingine.

Jambo hili lina sababu yake, wala si bahati. Mwanafunzi anapopiga, akili yake yote imo kwenye vidole, na sikio lake halibakiwi na nafasi ya kupokea kinachotoka. Anayesikiliza hana mzigo huo. Hata wewe mwenyewe ukisikiliza rekodi yako kesho yake asubuhi utagundua mambo ambayo jana hukuyasikia kamwe, hasa kwamba unaongeza kasi kwenye sehemu rahisi na kupunguza kila unapobadilisha kodi. Kwa hiyo ninakusihi, ndugu yangu: usingoje hadi ipendeze. Tuma wiki ya kwanza, hata kama ni nyuzi sita zilizopigwa wazi moja baada ya nyingine.

Namna ya kutuma ina umuhimu wake. Ujumbe wa sauti wa kawaida wa simu umetengenezwa kwa ajili ya maneno, kwa hiyo huibana sauti ya gitaa na kuila mivumo yake. Ni afadhali urekodi kwa programu ya kurekodia iliyomo kwenye simu, kisha utume faili lenyewe. Simu iwekwe hatua moja mbali nawe, juu ya kiti chenye kitambaa, isiwekwe juu ya meza ileile unayoigonga kwa goti. Rekodi isizidi dakika moja, kwa sababu wapo wanaohesabu bando lao, na kwa sababu dakika moja inatosha kabisa kuonyesha tatizo. Tena, andika sentensi moja ya kueleza unachotaka kusaidiwa. Anayetuma bila kusema lolote hupata pongezi tupu. Anayeuliza, "Je, mpigo wangu wa kupandisha mkono unachelewa?" hupata jibu analoweza kulifanyia kazi jioni hiyo hiyo.

Nanyi mnaosikiliza, hata kama mmeanza mwezi uliopita, mna kazi. Sisi tumejiwekea desturi ya kutaja kwanza kitu kimoja mahususi kilichosikika vizuri, kisha kitu kimoja tu cha kurekebisha, hata kama tumesikia kumi. Hatumlinganishi mtu na mwingine. Rekodi ya mgeni hujibiwa kabla ya ya mwenyeji, na hairuhusiwi ilale bila jibu, kwani mtu aliyejikaza kutuma na kukuta ukimya hatatuma tena. Nimewaona wawili wakipotea kwa njia hiyo, na bado ninalijutia jambo hilo. Desturi hizi ndizo zilizotuweka pamoja, kuliko ustadi wa yeyote miongoni mwetu.

Wageni wengi hutamani tupige pamoja moja kwa moja kwa simu ya video. Haiwezekani. Sauti inayosafiri kwa mtandao hufika imechelewa, na ucheleweshaji wa sehemu chache tu za mia za sekunde unatosha kuwavuruga wapigaji wawili, kwa kuwa kila mmoja humsubiri mwenzake mpaka wimbo unakwama. Tunachofanya ni kurekodi kwa zamu. Mmoja hupiga gitaa la kuongoza mwendo, lile ambalo wanadansi huliita rizimu, akianza kwa kuhesabu nne kwa sauti. Wa pili huisikiliza rekodi hiyo kwa spika za masikioni na kurekodi sehemu yake juu yake, kisha wa tatu. Utaratibu huu umetufundisha kutunza muda kuliko zoezi lolote jingine, maana rekodi haimsubiri mtu.

Sasa vidole. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitauma kwa wiki tatu au nne, halafu ngozi itakuwa ngumu na maumivu yatakwisha, mradi upige kidogo kila siku badala ya kupiga saa tatu Jumamosi na kuacha. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha kwa mwanzo. Watu wa kazi kama yangu, pamoja na mama lishe na wafua nguo, tuna shida ya ziada: maji na sabuni hulainisha ngozi, na ngozi laini huchubuka juu ya waya. Mimi hupiga kabla ya kuoga na kabla ya kuosha vyombo, na nikitoka zamu husubiri saa nzima mikono ikauke. Jifunze pia kwamba nguvu nyingi haihitajiki. Gusa uzi karibu kabisa na freti, yaani kile kichuma chembamba kilichokatiza shingo ya gitaa, ongeza mkandamizo taratibu huku ukipiga, na usimame pale sauti inapokuwa safi. Utaona ni kidogo sana kuliko ulivyodhani. Ikiwa maumivu yako kwenye kifundo cha mkono au yanapanda mpaka kwenye kiwiko, hayo si maumivu ya kuvumilia, acha na upumzike.

Kuhusu kununua sitasema mengi. Gitaa la nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole lakini shingo yake ni pana; la nyuzi za chuma lina shingo nyembamba na linauma zaidi. Yote mawili yanafaa. Jambo la kuchungulia dukani ni umbali kati ya uzi na freti ya kumi na mbili, ambao kwa nyuzi za chuma ukizidi sana milimita tatu utakutesa bure.

Hapo ndipo kodi ya F inapoingia, ambayo nimeona ikiwarudisha nyumbani watu wengi kuliko kitu kingine. F kamili hutaka kidole cha shahada kizilalie nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza. Dada mmoja wa Nzega alihangaika nayo miezi minne, akaandika kwamba anauza gitaa. Tulimwomba ahamishe umbo lile lile hadi freti ya tano, akashangaa kuona linatoka kwa urahisi. Maana yake ni kwamba mkono wake haukuwa na kosa: kile kipande kidogo cha mfupa au plastiki kilichoko mwisho wa shingo, ambacho nyuzi hupita juu yake kabla ya kufika kwenye vigingi, kilikuwa kimeinuka mno, na kinapoinuka hivyo, freti ya kwanza ndiyo inayoadhibiwa zaidi. Gitaa lake lilitoka dukani hivyo. Fundi aliyazamisha kidogo kidogo mapito ya nyuzi kwa tupa nyembamba, na wiki hiyo hiyo F ikapatikana. Fanya jaribio hilo la freti ya tano kabla ya kujilaumu. Wakati unaendelea, tumia F ndogo ya nyuzi nne: kidole cha shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili, cha kati kwenye freti ya pili ya uzi wa tatu, cha pete kwenye freti ya tatu ya uzi wa nne, na uzi wa kwanza ukiachwa wazi. Ni F yenye rangi kidogo, na katika nyimbo nyingi inapendeza.

Kwa sisi wa Tabora ninalazimika kusema juu ya ukame. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba zinapokaribia hewa yetu hukauka kabisa, na mbao za gitaa husinyaa. Utalijua jambo hili kwa mkono: pembeni mwa shingo ncha za freti zitaanza kukukwaruza, kwa sababu ubao umepungua lakini chuma hakikupungua. Baadaye uso wa gitaa huzama na nyuzi huanza kukoroma, na mwisho wake ni ufa. Chukua kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, kitoboe matundu, weka ndani sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi hata tone, kisha kiweke pamoja na gitaa ndani ya mfuko wake uliofungwa, na uiloweshe sponji upya kila baada ya siku mbili au tatu. Usilining'inize ukutani chini ya bati. Masika mambo hugeuka: mbao huvimba, nyuzi huinuka, na kodi zilizokuwa nyepesi Agosti huwa ngumu Februari. Wenzetu wa Kigoma walio kando ya ziwa hawakuwa wakituelewa tulipolalamika kila mwaka miezi ile ile, mpaka mmoja wao alipohamia Ipuli, hapa Tabora, na gitaa lake likapasuka katika Oktoba yake ya kwanza.

Kuhusu nyimbo za kuanzia, chagua zile unazozijua kwa moyo, kwa kuwa sikio lako litakuonya kabla ya mtu mwingine. Nyimbo za kwaya na za dansi nyingi husimama juu ya kodi tatu tu, na ukianza na G, C na D umekwisha kufungua mlango mpana. Fanya mazoezi ya kubadilisha kabla ya mazoezi ya kupiga: kutoka C kwenda A maina (ile inayoandikwa Am) ni kidole cha pete pekee kinachohama, viwili vingine hubaki vilipo, na kujua kidole kipi kibaki ni nusu ya kazi. Ukishapata mwendo, usikilize mtindo wa vidole viwili wa Jean-Bosco Mwenda, yule mpigaji wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika besi na kidole kikiimba juu yake, ungedhani ni watu wawili. Mwenda alikuwa wa Bayeke, watu wa mtawala Msiri, na Msiri huyo ndiye aliyetoka huku Unyamwezi na kwenda kujenga utawala wake Bunkeya katika karne ya 19. Kila ninapomsikiliza huona kama ndugu aliyekwenda safari ndefu amerudi na zawadi, na sioni haya kusema kwamba mara ya kwanza nililia.

Itafika wiki, au miezi, ambayo hutagusa gitaa. Utauguza, utasafiri, utafunga hesabu za mwaka. Ukirudi, usisome ujumbe wote uliokupita na usiombe radhi kwa yeyote. Zilinganishe sauti za nyuzi za gitaa lako, rekodi kodi mbili ukibadilisha polepole, na utume. Sisi tutajibu kabla ya kulala. Rekodi zako zote zihifadhi kwa tarehe. Ile yangu ya sekunde arobaini ninayo bado, na kila mgeni anayeingia ndiyo ninayomtumia kwanza, kabla hajaisikia nyingine yoyote.