Nimejazia sifuri mpaka 4096, mbona bado naona nundu moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefunga sensa ya mtetemo kwenye mota ya pampu ya maji, inazunguka mara 2940 kwa dakika. Nimerekodi nusu sekunde, sampuli 1000 kwa sekunde, nikapiga FFT (hesabu inayochora data ina mitetemo ya mara ngapi kwa sekunde, yaani Hz). Nataka kuona 49 Hz ya shafti na 50 Hz ya umeme unaoingilia waya wa sensa ila napata nundu moja tu. Nimejazia sifuri mwishoni mwa data mpaka zikafika sampuli 4096, nundu imekua laini lakini ni ileile, na pembeni kuna vinundu vingi. Nijazie ngapi?

JIBU: Marahaba. Usijazie tena, hata ukifika milioni haitagawanyika, maana sifuri hazijui chochote kuhusu mota yako. Mwanzo ulikua unasoma mchoro kila baada ya 2 Hz, sasa unausoma kila baada ya 0.24 Hz, lakini mchoro ni uleule. Chukulia wakimbiaji wawili uwanjani, mmoja anapiga mizunguko 49 kwa sekunde mwingine 50, sasa ukiwaangalia nusu sekunde yule wa mbele kamzidi mwenzie nusu mzunguko tu, hata hawajakutana tena, utajuaje ni wawili? Kipimo ni 1 gawanya kwa muda uliorekodi, kwahiyo nusu sekunde inatenganisha 2 Hz na wewe unatafuta 1.

Vile vinundu vinatokana na data kukatwa ghafla mwanzo na mwisho. Ukikata hivo hivo, kinundu cha kwanza kinafika kama asilimia 22 ya kilele, ila ukitumia dirisha la Hann (unazidisha data kwa mkunjo unaoanzia sifuri, unapanda katikati, unarudi sifuri mwishoni) kinashuka chini ya asilimia 3. Gharama yake ni kwamba nundu kuu inanenepa mara mbili, ndo maana nakwambia rekodi sekunde 4, mota si ipo hapo hapo.

Halafu mpangilio, hapa wengi sana wanakosea: ondoa kwanza wastani wa data (kila sampuli toa wastani), piga dirisha kwenye zile sampuli 4000 tu, ndo ujazie sifuri. Ukijaza kwanza alafu dirisha likatandazwa juu ya kila kitu pamoja na sifuri, data yako inaishia dirisha likiwa bado halijashuka, na ule mkato unabaki palepale.

Sifuri zina kazi yake lakini, jazia mpaka 16384 usome vizuri kilele kiko wapi na kina urefu gani, na urefu huo uzidishe kwa 2 kwa sababu Hann inaupunguza nusu.