Hoja za CAG na kamati za Bunge: kwa nini hoja ile ile hurudi kila mwaka, na hufungwaje

Mkuu, swali lako hujirudia kila ifikapo Aprili: CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hapa Tanzania) anatoa ripoti, kamati ya Bunge inawaita makatibu wakuu, wanabanwa, watu wanashangilia, halafu mwaka unaofuata hoja, yaani kasoro aliyoihoji mkaguzi, ni ile ile. Ukauliza kama kamati zina meno kweli. Zinayo, na ni makali. Tatizo liko kwenye mambo mawili: namna pendekezo linavyoandikwa, na nani analifuatilia baada ya kikao kuisha. Huwezi kuona inapokwama bila kujua hoja inapita wapi, kwa hiyo naanza na njia yenyewe.

Msingi ni Ibara ya 63(2) ya Katiba, inayolipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Wabunge zaidi ya mia tatu hawawezi kukaa ukumbini kupekua hati za malipo, ndiyo maana Ibara ya 96 inaruhusu kamati za kudumu. Hapa watu huchanganya. Kamati za kisekta, kama ya afya au ya miundombinu, hukaa na Waziri: Machi zinakwenda kukagua miradi, kisha zinapitia makadirio ya fungu lake la bajeti kabla ya Bunge la Bajeti. Kamati za hesabu zinatazama nyuma, kwenye pesa iliyokwisha kutumika. PAC inashughulikia wizara na taasisi za Serikali Kuu, LAAC halmashauri, PIC mitaji ya umma. Zamani mashirika yalikuwa na kamati yake, POAC, mpaka ilipounganishwa na PAC mwaka 2013.

Mbele ya kamati ya hesabu anayejibu ni Afisa Masuuli: Katibu Mkuu kwa wizara, Mkurugenzi kwa halmashauri. Yeye ndiye aliyekabidhiwa fungu na ndiye saini yake iko kwenye taarifa za fedha. Waziri akija kujibu hoja ya nyaraka, mjadala unageuka kuwa wa siasa na ile nyaraka inasahaulika.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaishia 30 Juni. CAG anakagua na kumkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Ibara ya 143 inataka ripoti ifikishwe kwenye kikao cha kwanza cha Bunge baada ya Rais kuipokea, kabla ya siku 7 kupita tangu kikao hicho kuanza. Isipofikishwa, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Baada ya hapo kamati huwahoji maafisa masuuli kwa miezi kadhaa, na miaka ya karibuni mjadala wa Bunge zima umekuwa unafanyika Novemba. Piga hesabu: ripoti ya mwaka 2021/22 iliwekwa mezani Aprili 2023 na kujadiliwa Novemba 2023. Malipo yaliyofanyika Julai 2021 yanajadiliwa yakiwa na miezi 28. Kwa muda huo mhasibu amehamishwa, mkandarasi amefunga ofisi, Katibu Mkuu yuko wizara nyingine. Ucheleweshaji huu peke yake unaua hoja nyingi kuliko ubishi wowote.

Kabla ya Afisa Masuuli kuingia, watu wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huieleza kamati hoja zipi ni nzito, zipi zimejirudia, na majibu gani yalitolewa wakati wa ukaguzi. Kamati isiyotumia vizuri nafasi hiyo huishia kusomewa majibu kutoka kwenye jalada la wizara. Ndiyo maana mgogoro wa 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, ulikuwa mzito sana. Kamati ya hesabu bila CAG haina macho. Wabunge hawana wakaguzi wao, na sekretarieti ya kamati ni watu wachache mno.

Tuje kwenye kikao chenyewe, maana ndipo pana utamu. Chukua mfano wa kawaida kabisa: malipo ya vifaa vya Sh48 milioni "yasiyo na nyaraka toshelezi". Wakati wa ukaguzi nyaraka hazikuonekana. Siku ya kikao Afisa Masuuli anakuja na faili nene na kusema zimepatikana. Mbunge asiyejua kazi atasema "vizuri sana" na hoja itafutwa. Anayejua ataomba vitu vinne na kuvipanga kwa tarehe: hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mzigo pamoja na taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, leja ya stoo, kisha hati ya malipo na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Oda lazima itangulie mzigo, mzigo utangulie malipo. Ukikuta risiti ina tarehe ya baada ya barua ya mkaguzi, hapo kuna jambo. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki, na mtu yeyote anaweza kuiingiza kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) akaona kama ilitolewa kweli na kwa kiasi gani. Leja ya stoo nayo husema mengi: ingizo lililobanwa katikati ya mistari miwili, wino tofauti na wa juu na chini yake, salio lisilobadilika kwenye mstari unaofuata. Vifaa viliingia lakini salio halikupanda? Basi havikuingia.

Kwa sababu hiyo nyaraka zinazoletwa siku ya kikao zisipokelewe kama jibu. Zikabidhiwe kwa CAG zihakikiwe, na hoja ibaki wazi mpaka yeye aandike kuwa ameridhika. Mwenye haki ya kusema hoja imefungwa ni mkaguzi aliyeifungua.

Majibu mengine utayasikia kila mwaka. "Tumepokea ushauri na tunaufanyia kazi." Hilo halina jina, halina tarehe, halina nyaraka, mwenyekiti makini hulirudisha palepale. "Mimi nimehamia hapa juzi." Ofisi haihami, kwa hiyo aliyepo anajibu. Lakini kamati iombe pia hati ya makabidhiano, ione kama hoja iliandikwa humo. Ikiwa haikuandikwa, aliyeondoka aitwe, popote alipo. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaipa kamati uwezo wa kumwita mtu na kudai nyaraka, na kukaidi wito au kusema uongo mbele yake ni kosa. Halafu kuna "fedha hazikutolewa na Hazina kwa wakati." Hilo mara nyingi ni kweli, na ni haki lisikilizwe, lakini linaeleza mradi kuchelewa. Halielezi masurufu, yaani fedha alizokabidhiwa mtumishi kwa kazi maalumu, ambayo hayajarejeshwa.

Sasa sehemu inayoniuma. Kamati inaweza kuhoji kwa ustadi siku nzima, kisha ikaandika: "Serikali ihakikishe inaimarisha mifumo ya udhibiti wa ndani." Pendekezo hilo haliwezi kutekelezwa wala kukataliwa. Mwakani wizara itajibu kwamba imefanya semina, na kwa maneno yale yaliyoandikwa itakuwa imetekeleza. Pendekezo linaloshika linasomeka hivi: Afisa Masuuli wa Fungu 52 awasilishe kwa CAG, kabla ya 31 Januari, nyaraka za malipo namba kadhaa, zisipokubalika, fedha zirejeshwe na walioidhinisha, na taarifa ya urejeshaji iletwe kwenye kamati kabla ya 30 Aprili. Hapo kuna mtu, kitu, tarehe, na kitakachofuata akishindwa. Ukilisoma unaweza kuweka alama ya tiki au ya mkasi, hakuna katikati.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, inaendelea kutoka hapo. Maafisa masuuli wanatakiwa kuandaa majibu na mpango kazi wa utekelezaji na kuupeleka kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali, anayeyaunganisha yote. CAG naye katika ripoti inayofuata anaeleza hali ya mapendekezo ya nyuma: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, na yaliyopitwa na wakati. Hilo kundi la mwisho litazame kwa makini. Wakati mwingine ni halali, mfano taasisi imefutwa. Wakati mwingine ni hoja iliyoachwa mpaka ikazeeka. Na "inaendelea kutekelezwa" kwa miaka mitatu mfululizo maana yake haitekelezwi.

Ongeza jambo la kibinadamu: ujumbe wa kamati ni wa miaka miwili na nusu. Wajumbe wakianza kujua leja ya stoo ni nini, wanahamishiwa kamati nyingine, na baada ya uchaguzi wanakuja wapya kabisa. Kumbukumbu inabaki kwa makatibu wa kamati na kwa wakaguzi. Kamati inayotunza jedwali la mapendekezo yake, mstari kwa mstari na tarehe zake, huhimili mabadiliko hayo. Isiyo nalo huanza sifuri.

Majirani zetu Kenya wameliandika hili wazi zaidi. Ibara ya 125 ya Katiba yao inazipa kamati nguvu za Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi kufika na kutoa nyaraka, na sheria yao ya 2017 inaruhusu faini isiyozidi Sh500,000 za Kenya kwa anayekaidi wito. Kanuni za Bunge la Taifa zinamtaka Waziri husika atoe taarifa ya utekelezaji ndani ya siku 60 tangu azimio lipite, na kuna kamati maalumu ya kufuatilia utekelezaji. Ibara ya 226(5) inasema afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria anawajibika yeye binafsi kufidia hasara. Nao ripoti huwachelewa, lakini siku 60 ni kitu unachoweza kumshika nacho mtu. Sisi tunahitaji siku kama hizo ndani ya Kanuni za Kudumu.

Ukitaka ushahidi wa meno, rudi Novemba 2014. Kwenye suala la Tegeta Escrow, kashfa ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya escrow iliyokuwa Benki Kuu, PAC chini ya Zitto Kabwe iliingia ukumbini na ukaguzi maalumu wa CAG mkononi, ikiwa na tarehe, viasi na majina, na Bunge likapitisha maazimio 8. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, uteuzi wa Waziri Anna Tibaijuka ukatenguliwa mwezi huo huo, na Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Februari 2008 taarifa ya kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, chini ya Harrison Mwakyembe, ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Zingatia kwamba mara zote mbili Bunge halikumfukuza mtu. Halina mamlaka ya kumfukuza waziri wala mtendaji, isipokuwa kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu chini ya Ibara ya 53A. Uzito ulitoka kwenye ushahidi uliopangwa vizuri kiasi kwamba kukaa kimya kuligharimu kuliko kuchukua hatua.

Jambo moja nalisahihisha kwa sababu wengi hulikosea: hati inayoridhisha, ile watu wanayoiita hati safi, haina maana kwamba hakuna wizi. Maana yake taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi ya hesabu. Halmashauri inaweza kupata hati hiyo na bado ikawa na manunuzi bila ushindani na makusanyo yasiyopelekwa benki, na yote yakawa yameandikwa ndani ya ripoti. Usiishie kwenye hati, soma hoja.

Namna ya kufuatilia mwenyewe: pakua ripoti za miaka miwili mfululizo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ziko kwa majuzuu, Serikali Kuu, Serikali za Mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo na nyingine, kwa hiyo chagua lako. Tafuta taasisi moja tu, mfano halmashauri yako. Andika hoja zake za mwaka wa kwanza na kiasi cha fedha, kisha angalia kila moja imewekwa kundi gani mwaka wa pili. Zilizorudi, nenda kwenye Taarifa Rasmi za Bunge za mjadala wa Novemba uone LAAC ilipendekeza nini hasa, neno kwa neno. Halafu muulize diwani wako. Baraza la Madiwani nalo hukaa kikao maalumu kujadili hoja za CAG, na mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Nenda na karatasi yako yenye namba ya hoja na kiasi, umpe diwani kabla kikao hakijaanza, maana kikishaanza huna nafasi ya kuuliza.