Nyumba ya akina Younger: kisa cha kweli au cha kubuni?

Nusu kwa nusu. Akina Younger, familia ya watu weusi inayotaka kuhamia mtaa wa wazungu katika tamthilia ya A Raisin in the Sun (jukwaani Broadway, New York, 1959), ni wa kubuni, ila vita vya nyumba mwandishi wake, Lorraine Hansberry, alivionja mwenyewe utotoni. Mwaka 1937 baba yake, Carl, alinunua nyumba Chicago kwenye mtaa ambao wazungu walikuwa wamewekeana mkataba wa kutomuuzia wala kumpangishia mtu mweusi. Watu wakajazana nje, kipande cha tofali kikarushwa ndani na kumkosakosa Lorraine. Kwenye barua yake ameeleza mama yake alivyokuwa akizunguka nyumba usiku kucha na bastola yenye risasi.

Kesi ya kutaka kuwaondoa kwenye nyumba hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na akina Hansberry wakashinda 1940. Hapo wengi huchanganya: hukumu ile haikuifuta mikataba hiyo. Ilisema tu kwamba akina Hansberry hawafungwi na kesi ya zamani kuhusu mkataba huo, ambamo hawakuwakilishwa. Mahakama kukatazwa kuitekeleza mikataba yenyewe kulikuja 1948, kwa kesi nyingine kabisa.

Tofauti kubwa ni mfuko. Carl alikuwa mfanyabiashara wa majumba, mtu mwenye nazo. Akina Younger wamebanana kwenye nyumba ya kupanga, bafu wanapokezana na majirani, wanasubiri hundi ya bima ya marehemu baba, dola 10,000. Kwangu mimi hapo ndipo mwandishi alipoupiga mwingi, maana hundi hiyo ndiyo inayowagombanisha wao kwa wao kabla hata mzungu hajabisha hodi.