Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari: asisubiri wiki ijayo

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeuliza iwapo baba, mwenye kisukari, anaweza kusubiri huko Micheweni, Pemba, hadi wiki ijayo kwa kuwa kidonda kilicho chini ya dole gumba hakimuumi. Kutouma huko ndiko kunakonitia hofu, kwani sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huweza kukanyaga msumari akaendelea na safari yake bila kuhisi chochote.

Mpelekeni kwa daktari kesho asubuhi. Usiku huu chora kwa kalamu ukingo wa wekundu, uvimbe na joto, ukilinganisha na mguu wa pili. Wekundu ukiwa umevuka sentimita 2 kutoka kwenye kidonda, au usaha ukitoka, msingoje kesho. Homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa au ngozi kugeuka nyeusi ni dharura, hata iwe usiku wa manane.

Anzeni hospitali ya karibu, dawa za mshipani zikihitajika zianze huko huko, kisha madaktari ndio waamue kumvusha Unguja. Mzee wetu mmoja tulimkanda kwa maji ya moto siku nne. Unyayo ukababuka naye hakuhisi, na tulipofika hospitali alikatwa vidole vitatu. Kwa hiyo nakusihi, msimkande, asiukanyagie mguu huo, asiache dawa zake za sukari, na mwende na vidonge vyote anavyotumia.