Re: Desktop ya mtumba imelia paa ikatoa moshi, kila kitu ndo basi?

Pole sana mkuu. Kama ile swichi nyekundu ya kuchagua volti nyuma ya pawasaplai (kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme) ilikuwa 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, huo mlio huenda ni kapasita (vile vidude vya kutunza umeme), zile kubwa mbili za ndani kawaida ni za volti 200 kila moja na hapo zimepigwa zaidi ya 300, lazima zipasuke. Ila usikate tamaa, mara nyingi inakufa pawasaplai peke yake, bodi (motherboard) inabaki nzima.

Fundi asikudanganye abadilishe fyuzi tu akuwashie, fyuzi ikikatika namna hiyo jua kuna vingine vimeshaungua. Na usiifungue mwenyewe tafadhali, zile kapasita zinashika umeme hata ukishachomoa waya.

Azima pawasaplai nzima, chomoa hadidiski kwanza (data zako ni muhimu kuliko hiyo mashine), washa na bodi, prosesa na ramu moja tu. Picha ikija umepona, sasa rudisha hadidiski na kabla ya kitu chochote kopi mafaili yako pembeni. Ukinunua pawasaplai nyingine tafuta isiyo na swichi ya volti na iwe imeandikwa 100-240, hizo zinajirekebisha zenyewe.