Gitare ya usingizini, vidole vya asubuhi

Niko napiga mi-solo mu kwaya ya kanisa yetu hapa Goma, na kuna kipande kimoja cha sebene, ile sehemu ya wimbo gitare inaongoza, kilinisumbua wiki tatu nzima juu kidole kidogo kilikuwa kinachelewa kufika kwenye uzi wa pili. Nyumba yetu ni ya mbao, ukigusa uzi saa nne ya usiku mtoto wa jirani anaamka, basi usiku hakuna mazoezi. Ndipo nikaanza kupiga mu ndoto.

Siku ya kwanza ilikuja yenyewe. Nikajiona niko kwenye repetisyo, gitare iko na nyuzi nane, nikajiuliza hizi nyuzi nane zimetoka wapi, hapo hapo nikajua kumbe nimelala. Sikuamka. Nikakipiga kile kipande polepole, nikarudilia, nikarudilia tena hadi ndoto ikakatika. Asubuhi mbele ya chai nikashika gitare, na kidole kikafika! Bado kilikuwa kizito, lakini kilifika.

Mama mkubwa akaniambia mwanangu hayo ni maono, omba. Kuomba naomba, lakini nikatafuta pia kama kuna watu walipima hiki kitu, na wako. Mwaka 2010 watafiti Erlacher na Schredl waliomba watu wenye kujua kwamba wanaota warushe sarafu ndani ya kikombe humo humo ndotoni, na waliofaulu waliamka wanalenga vizuri kuliko jana yake. Ila waliofaulu walikuwa 7 kati ya 20, kwa hiyo wewe ukikosa wiki ya kwanza usijihukumu. Mwaka 2016 wakapima kugonga vidole kwa mpangilio, kitu karibu kabisa na gitare, na waliofanya ndotoni nao wakaboreka.

Mdogo wangu aliposikia akauliza kama anaweza kujaza kifua kwa pompaji za ndotoni. Hapana mdogo wangu. Wakati wa ndoto nzito ubongo unafunga misuli ya mwili, pumzi inaweza kuongezeka na moyo kwenda mbio kidogo, lakini msuli haujabeba kitu, utakuaje?

Na ndoto hainifundishi kitu mkono haujawahi kugusa. Kuna usiku nilipiga wimbo ambao sikuwahi kujifunza, ulikuwa mtamu mpaka nikalia, asubuhi vidole havikujua hata pa kuanzia. Ndoto inaendeleza kile mchana ulianza, mimi hivyo ndivyo nilivyoona.

Sasa nafanya hivi: mbele ya kulala natia kitambaa chini ya nyuzi zisitoe sauti, napiga kipande dakika kumi, polepole, naacha pale kilipotoka sawa. Nikizima taa najiambia "nikiota nitajua naota", njia hiyo ilielezwa na Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa chuo kikuu cha Stanford, na mchana naangalia mikono yangu mara kwa mara nahesabu vidole, juu ndotoni mara nyingi hesabu inakataa na hapo ndipo unashtuka. Nikiamka nashika gitare kwanza, simu baadaye.

Lakini tafadhali lala vya kutosha. Ndoto ndefu zinakuja karibu na alfajiri, ukilala saa saba ya usiku na saa kumi na moja uko kwenye ibada umezikata nyingi. Mimi niliwahi kutega saa kila usiku wiki nzima ili niamke nirudi ndotoni, Jumapili nikawa mchovu nikakosa kuingia na wenzangu kwenye wimbo wa sadaka, na hiyo iliniuma sana. Siku hizi natega mara moja kwa wiki, Ijumaa tu.

Kuna kipande kipya cha Pasaka, safari hii kidole cha tatu ndicho kinachelewa. Kitambaa nimeshakiweka chini ya nyuzi.